Daktari, Naomba Umwone Jioni

Mama yangu aliwaambia madaktari wanne, kwa nyakati tofauti, sentensi ile ile: "Daktari, naomba umwone jioni." Hakuna aliyemjibu kwa ukali. Mmoja alimweleza kwa upole kwamba kliniki hufungwa saa tisa alasiri. Mwingine aliandika katika faili langu kwamba mzazi ana wasiwasi mkubwa. Nilikuwa na umri wa miaka 7 aliposema maneno hayo kwa mara ya kwanza, na nilikuwa nimefikisha miaka 31 alipopatikana daktari aliyeyachukua kuwa dalili ya ugonjwa. Katika miaka hiyo 24 nilipasuliwa, nilifungwa plasta, nilipewa dawa za kulegeza misuli na baadaye dawa za akili, na karibu kila mara nilipimwa asubuhi, saa ambazo mwili wangu ulikuwa umetoka usingizini na ulikuwa na nafuu kubwa.

Ugonjwa ulianzia kwenye mguu wa kushoto. Kisigino kilikataa kugusa ardhi, nikawa natembelea vidole vya mguu huo, kisha unyayo ukaanza kugeukia ndani kana kwamba unautazama mguu mwenzake. Asubuhi hali hiyo haikuonekana kabisa. Nilikwenda shuleni kwa miguu yangu, nikicheza na wenzangu njiani, na mpaka saa tano hivi mtu asiyenijua asingeona lolote. Baada ya adhuhuri mguu ulianza kukaza. Wakati wa kurudi nyumbani nilikuwa nikijikwaa. Jua lilipozama nilikuwa nikishika kuta, na kuna siku nilitambaa kutoka mlangoni hadi kitandani. Kisha nililala, na kulipokucha niliamka nikiwa na miguu miwili iliyonyooka. Mama ndiye aliyegundua kwamba hata usingizi wa saa moja mchana ulinirudishia sehemu ya nguvu, na kwa sababu hiyo alinilaza kila niliporudi kutoka shuleni, bila kuagizwa na mtu yeyote. Leo najua kwamba alikuwa ameona kwa macho yake jambo ambalo vitabu vya tiba huliweka katika sentensi za mwanzo kabisa kuhusu ugonjwa huu.

Tatizo letu la kwanza lilikuwa maneno. Watu walisema nimepooza, nasi tukalichukua neno hilo na kwenda nalo hospitali, ingawa halikuwa la kweli. Kiungo kilichopooza hakipati amri, ilhali wangu ulipata amri nyingi kupita kiasi: misuli ya mbele na ya nyuma ya mguu ilivutana kwa wakati mmoja, kila upande ukikataa kuuachia mwingine, na kilichobaki ni mguu uliojipinda, mgumu, unaouma. Kitabibu hali hiyo huitwa distonia. Naamini kwamba mgonjwa anayesema miguu yake haina nguvu huchunguzwa kwa njia moja, na anayesema miguu yake inakaza na kujipinda kadiri siku inavyosonga huchunguzwa kwa njia nyingine, na ndiyo maana nawasihi wazazi waeleze wanachokiona kwa macho kabla ya kukipa jina. Mama alikuwa na maelezo hayo yote kichwani mwake. Alipoulizwa shida ni nini, alijibu kwa neno moja aliloazima, na daktari akaandika neno hilo.

Nilipofika miaka 9 nilipewa jina la mtindio wa ubongo. Siwezi kusema kwamba daktari aliyenipa jina hilo alikurupuka. Alipogonga goti langu kwa nyundo yake ndogo, mguu uliruka kuliko kawaida, na kidole gumba cha mguu wangu kilikuwa na tabia ya kujiinua chenyewe. Dalili za namna hiyo humfanya daktari yeyote afikirie jeraha la ubongo au la uti wa mgongo. Hata hivyo picha ya ubongo ilitoka safi, na hapo ndipo ninapotamani mtu angesita kidogo. Mtindio wa ubongo hutokana na jeraha linalompata mtoto kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au mapema sana utotoni, na jeraha lenyewe haliendelei kukua. Mimi nilizaliwa bila shida, nilitembea kwa wakati wake, nikakimbia na kuruka kamba kama wengine, kisha nikaanza kuharibikiwa, na nikawa nazidi kuharibikiwa mwaka hadi mwaka, huku kila asubuhi nikipewa mapumziko ya saa chache. Maelezo hayo hayakulingana na jina nililopewa. Lakini jina likishaandikwa juu ya faili, kila daktari anayefuata huanza kusomea pale lilipoandikwa.

Kwa jina hilo nilipasuliwa nikiwa na miaka 10. Waliurefusha ukano wa kisigino, nikakaa na plasta kwa wiki kadhaa, na ilipofunguliwa kisigino kiligusa sakafu. Tulifurahi. Baada ya miezi michache mguu ule ukapata njia nyingine ya kujipinda, na wa kulia ukaanza kuufuata. Ukano wangu ulikuwa mzima tangu mwanzo. Kasoro ilikuwa katika amri iliyokuwa ikiuvuta, na amri haitibiwi kwa kisu.

Lililoniumiza zaidi ya kisu lilikuja nilipokuwa na miaka 15. Wakati huo nilitembea kwa shida kubwa kuanzia mchana, lakini nilikuwa nimegundua kwamba nikitembea kinyumenyume mguu haujipindi, na kwamba hatua chache za kukimbia zilikuwa rahisi kuliko hatua zile zile za kutembea. Siku moja nilichelewa, mvua ikaanza kunyesha, nikakimbia kutoka lango la shule hadi darasani. Mwalimu aliniona. Hakunipiga wala hakunitukana. Aliniambia tu, mbele ya darasa zima, kwamba sasa ameelewa. Kuanzia siku hiyo kila niliposhika ukuta kulikuwa na mtu aliyeamini kwamba naigiza.

Nalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu najua kwamba huwapata wengine. Distonia inaweza kushika tendo moja na kuliacha jingine linalotumia misuli ile ile. Kuna mtu ambaye mkono wake hujikunja anaposhika kalamu tu, na akishika kijiko umetulia. Kuna mtu ambaye shingo yake huvutwa upande mmoja, naye akigusa kidevu kwa ncha ya kidole, bila kusukuma, shingo hunyooka. Kwa asiyejua, mambo hayo ni ushahidi wa uongo. Kwa anayejua, ni miongoni mwa alama zinazoutambulisha ugonjwa. Historia yenyewe inasikitisha. Hermann Oppenheim, daktari wa Ujerumani, aliupa ugonjwa jina la distonia mwaka 1911, akieleza mwili unaokaza na kulegea bila mpangilio, na bado kwa miongo mingi baada yake madaktari wengi waliuhesabu kuwa tatizo la akili, mpaka miaka ya 1970, ambapo David Marsden na wenzake jijini London walitetea kwa ushahidi kwamba chanzo chake kiko katika ubongo. Nilipoyasoma hayo nilijiuliza ni watu wangapi waliozeeka wakiitwa waongo.

Mimi nilipelekwa kwa daktari wa magonjwa ya akili nikiwa na miaka 19. Alikuwa mtu mpole, na alinisikiliza kuliko wengine, lakini alikuwa ameletewa mgonjwa akiwa na barua iliyosema kwamba vipimo vyote ni vizuri. Kati ya dawa alizonipa, moja ilikuwa ya kundi linalozuia kazi ya dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo wa mwili. Ndani ya wiki mbili nilipoteza hata asubuhi zangu. Niliamka nimekaza tangu shingoni, nikawa nalishwa, na hali hiyo ikaandikwa kuwa ugonjwa wa akili umezidi. Mama ndiye aliyezificha dawa zile, kinyume cha maagizo, na baada ya siku kadhaa asubuhi zikarudi. Simshauri mtu yeyote aache dawa bila daktari wake kujua, kwa kuwa zipo ambazo kuziacha ghafla ni hatari. Nasema tu kwamba mwili wangu ulikuwa umetoa jibu lililo wazi kuhusu dopamini, miaka 12 kabla ya mtu yeyote kuuliza swali.

Katika miaka hiyo nilijifunza kuishi nusu siku. Nilitafuta kazi inayoanza saa moja asubuhi na kumalizika saa saba mchana, nikakataa mbili zenye mshahara mzuri kwa sababu ya saa zake. Mambo magumu yote, kama vile kwenda benki, kupanda ngazi, kuandika barua ndefu kwa mkono, niliyafanya kabla ya saa nne. Nilijua idadi ya hatua kutoka kazini hadi kituo cha basi, na nilijua ni wapi katikati yake pana kitu cha kushika. Sikuwahi kuhudhuria shughuli ya usiku nikiwa mtu mzima; nilisema nimechoka, na kwa kuwa nilisema hivyo kila mara, watu waliacha kunialika. Jioni nilitumia kiti cha magurudumu ndani ya nyumba, na asubuhi nilikiacha kando ya kitanda na kutoka kwa miguu. Jirani aliyeniona saa mbili asubuhi nikitembea, kisha akaniona kupitia dirishani saa mbili usiku nikiwa kwenye kiti, alifikia uamuzi wake mwenyewe. Sikuwa na maelezo ya kumpa. Ukweli ni kwamba kuna nyakati nilimwamini yeye kuliko nilivyojiamini, na nililala nikijiuliza kama kweli ni mimi ninayejifanyia hivi.

Daktari wa mishipa ya fahamu aliyenisaidia alikuwa mdogo wangu kwa umri. Hakuanza na nyundo wala faili. Aliuliza, "Dada, ukiamka unakuwaje?" Nikamweleza. Akauliza, "Na saa kumi alasiri?" Nikamweleza hilo pia, na nilipokuwa nikieleza niliona ameacha kuandika. Aliniambia nirudi kesho yake mapema na nikae hapo kutwa. Alinipiga picha za video kwa simu yake nikitembea katika ukumbi ule ule saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, ambapo nilihitaji watu wawili wa kunishika. Kisha akanipa kitanda nilale. Nililala kwa muda wa saa moja hivi, akanipiga picha ya mwisho nikitembea peke yangu, nikichechemea, lakini peke yangu. Akaziweka picha hizo nne mbele yangu moja baada ya nyingine. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kujiona.

Alinianzishia levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, na inayojulikana zaidi kwa wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukaza unaowapata hasa wazee: nusu ya kidonge chenye miligramu 100 za levodopa na miligramu 25 za karbidopa, inayoisaidia levodopa kufika kwenye ubongo, kisha baada ya siku chache kidonge kizima. Siku mbili za kwanza nilipata kichefuchefu tu. Katika nyumba yetu, kutoka chumbani kwangu hadi jikoni, ukutani palikuwa na mstari mweusi uliotokana na kiganja changu, ambao mama alikuwa akiusugua kila baada ya miezi michache na ambao ulirudi daima. Usiku wa tatu niliondoka kitandani kwenda kunywa maji. Nilipofika katikati niliona kwamba mkono wangu haukuwa ukutani. Nilisimama pale kwa muda mrefu, nikiogopa kwenda mbele na nikiogopa kurudi, na sikumwita mtu.

Ugonjwa wangu huitwa distonia inayoitikia dopa, yaani inayotulizwa na levodopa, na pia hujulikana kwa jina la Segawa. Ubongo hutengeneza dopamini kwa hatua, na hatua moja muhimu huhitaji msaidizi wa kikemia ambaye naye hutengenezwa na kimeng'enya maalumu. Jeni inayobeba maelekezo ya kimeng'enya hicho, GCH1, ikiwa na hitilafu, msaidizi hupungua na dopamini hutengenezwa kidogo. Usingizini akiba hujijenga upya. Mchana hutumika hadi kuisha. Hiyo ndiyo maana ya asubuhi zangu na jioni zangu. Katika ugonjwa wa Parkinson seli zinazotoa dopamini hufa. Katika ugonjwa huu seli ziko hai, zimepungukiwa na msaidizi huyo tu, na ndiyo sababu dozi ndogo hutosha na wengi huendelea nayo kwa miaka mingi bila miili yao kuanza kuchezacheza kama inavyowatokea wagonjwa wengi wa Parkinson. Mara nyingi huanza utotoni, mguuni, na huwashika wanawake zaidi ya wanaume. Si kila mgonjwa anayeona tofauti kubwa ya asubuhi na jioni, na si kila distonia inayoitikia dawa hii. Lakini mtoto mwenye distonia isiyo na sababu inayojulikana anastahili kujaribiwa levodopa chini ya uangalizi wa daktari, kwa kuwa jaribio hilo ni rahisi na hasara ya kulikosa ni kubwa mno.

Jambo ambalo bado silipokei kwa utulivu ni tarehe. Masaya Segawa wa Japani na wenzake walieleza ugonjwa huu, pamoja na mabadiliko yake ya asubuhi na jioni, katika miaka ya 1970. Levodopa ilikuwa imeanza kutumika kwa wagonjwa wa Parkinson mwishoni mwa miaka ya 1960. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1994. Maelezo ya ugonjwa na dawa yake vilikuwapo kabla mimi sijazaliwa, na dawa ilikuwa kwenye rafu ya duka lile lile la dawa ambako mama alinichukulia vidonge vya kulegeza misuli. Ni ugonjwa adimu, pengine mtu mmoja au chini ya hapo katika kila watu milioni, na sitarajii kila daktari aukumbuke kwa jina. Kuuliza mgonjwa yukoje saa tofauti za siku hakuhitaji kukumbuka jina lolote.

Si kila kitu kilirudi. Ukano uliorefushwa umebaki dhaifu, na nikisimama kwa vidole vya mguu wa kushoto mwili haupandi. Uti wa mgongo wangu una mpindo mdogo uliotokana na miaka ya kuegemea upande mmoja. Mtaalamu wa mazoezi tiba alinifundisha kutembea upya kwa karibu mwaka mzima, kwa sababu misuli ilikuwa imezoea hila nyingi ambazo hazikuhitajika tena. Jioni nazo zilinishinda kwa namna nyingine: sikujua watu hufanya nini saa mbili usiku wakiwa na afya. Na wapo walioniona nimepona kwa kidonge kimoja wakasema kwamba hilo linathibitisha walichokisema siku zote. Mwanzoni niliwajibu kwa hasira. Sasa nawaonyesha picha zile nne, na kama hawataki kuziangalia, naacha.

Kipimo cha jeni kilithibitisha utambuzi, kisha tukaanza kuitazama familia. Kila mtoto wa mtu mwenye hitilafu hii ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi, lakini baadhi ya wanaoirithi hawaugui kabisa, na wengine huanza kuonyesha dalili wakiwa wazee, kwa kutetemeka na mwendo mzito unaofanana na wa Parkinson. Mama ana hitilafu hiyo na hajawahi kuugua. Mama mkubwa, dada yake, alikuwa na mkono unaotetemeka kwa zaidi ya miaka 10, na sote tulisema ni uzee. Alipopewa levodopa mkono ulitulia, akaanza tena kushona, na cha kwanza alichoshona kilikuwa pindo la gauni langu ambalo nilikuwa nimelichana kwa kulikanyaga miaka mingi iliyopita.

Miezi mitatu baada ya kuanza dawa nilirudi kwa daktari, naye aliniwekea miadi saa kumi na moja jioni, kwa makusudi. Mama alikuja pamoja nami. Daktari alinitazama nikitembea, akaandika, kisha akamgeukia mama na kumwambia kwamba angependa kumsomea kilichoandikwa katika ukurasa wa kwanza wa faili jipya. Akasoma: "Kwa maelezo ya mama mzazi, hali huwa mbaya jioni na hupungua baada ya usingizi, tangu mgonjwa akiwa na umri wa miaka 7." Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Daktari, naomba unisomee tena."